Sekunde Sita za Mama Élisabeth

Élie alifika Kalembe saa nne za asubuhi akiwa na matope mpaka magotini, na Agathe hakumkimbilia. Tangu alfajiri alikuwa amejiapiza kwamba akimwona atatembea, tena polepole, kama mtu anayekwenda kugeuza mihogo yake juani. Ilimbidi afanye hivyo kwa sababu ya shangazi yake, Adelaïde, aliyekaa mbele ya mlango akichambua maharage. Macho ya shangazi huyo yalikuwa na kazi mbili siku zote, maharage na Agathe, na kama angelazimika kuacha moja angeacha maharage.

"Jambo, Agathe."

"Jambo, Élie. Umetembea na muguu?"

"Na muguu. Pikipiki hazipite, barabara imeoza."

"Hee, watu ya Kashuga munaamukaka mapema," shangazi alisema bila kuinua uso. "Ni juu hamuna shamba ya kuwachelewesha."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake kwa kijana huyo, na Élie alikwisha kuizoea. Alitabasamu, akavua viatu, akavigonga kwenye jiwe. Ni kweli hakuwa na shamba. Miaka mitatu iliyopita alikimbia kijiji chao na mama yake, na sasa walikaa kambini Kashuga, ambako alitengeneza simu, redio na kompyuta chini ya hema la turubai. Ndiko Agathe alikomkuta, siku alipopeleka redio ya korali ya kanisa iliyokuwa inakoroma. Redio ilipona siku ileile. Agathe yeye hajapona mpaka leo.

Walitazamana kwa muda mfupi sana, muda wa mtu kupitisha begi begani. Wiki mbili hawajaonana. Agathe aliona jinsi alivyokonda, mifupa ya mashavu imetokeza. Alitaka kumshika ule uso kwa mikono yote miwili. Badala yake alisema, "Papa iko ndani. Anakungoja tangu jana."

Papa Honoré alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, koti lake la zamani la ualimu limefungwa vifungo vyote. Mashine ilikaa juu ya kitambaa kilichofumwa na marehemu mke wake. Chini ya meza kulikuwa na betri ya gari, na kutoka kwenye betri hiyo vibanio viwili walivyoviita mapensi, chekundu na cheusi, vilipeleka moto, umeme wa paneli ya jua, kwenye mashine. Betri ya mashine yenyewe ilikufa zamani.

"Angalia," mzee alisema, bila salamu.

Alifungua ile programu ya kurekodi. Mchoro wa sauti ulitokea, mstari wa bluu wenye vilima na mabonde, ukakaa kama sekunde moja, kisha programu ikajifunga na kioo chote kikaganda.

"Leo peke yake nimejaribu mara kumi na moja," Papa Honoré alisema. "Kila mara ninamuona, halafu anaenda."

Hapo inafaa msomaji ajue huyo anayekwenda ni nani. Mama Élisabeth, mke wa mzee, mama wa Agathe, alifariki mwaka jana kwa ugonjwa uliomla taratibu. Alipojua hatapona, alimwita Élie kutoka Kashuga, akamwomba amwoneshe jinsi ya kurekodi sauti. "Bonyeza ile nyekundu, Mama," Élie alimwambia. "Ukimaliza, bonyeza ile ya mraba." Kisha mama aliwatoa wote nje, akafunga mlango, akabaki na mashine kwa muda wa dakika kumi na tano hivi. Maneno aliyosema ni yale ambayo mama humwambia binti yake siku anapotolewa nyumbani. Alimwapisha mumewe: mtu yeyote asisikilize mpaka siku watu wa upande wa kijana watakapokaa sebuleni, na Agathe asitoke kwenye nyumba hiyo kabla sauti hiyo haijasikika.

Papa Honoré aliapa, na alikuwa mtu wa kushika kiapo. Kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, baada ya chakula, aliwasha mashine na kufungua programu, akautazama ule mstari wa bluu bila kubonyeza chochote. Alimtazama mke wake hivyo nusu saa nzima, kisha akaizima.

Na Jumamosi ya wiki hii wajomba wa Élie wangekuja kuposa.

"Papa, nitaitengeneza," Élie alisema.

Mzee aligeuka, akamtazama kijana kwa mara ya kwanza tangu aingie. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sikia muzuri, Élie. Miye sikukuchagua. Elisabeti njo alikuchagua, na sijue juu ya nini. Ile sauti yake njo kiti yako mu hii nyumba. Kama haiko, hauna kiti. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Mzee alitoka nje kukaa na dada yake. Agathe alibaki kushika taa ya simu, na shangazi alijua kabisa kwamba saa nne za asubuhi hakuna anayehitaji taa.

Élie alivuta kiti. Vidole vyake vilikwenda kwenye vitufe, na Agathe alisimama nyuma yake, karibu kiasi cha kunusa mvuke wa shati lake lililolowa.

"Ilianza kuzimika lini?"

"Siku ya kwanza, ile Jumatatu, asubui. Papa alitaka kuona kama ilizimika muzuri, akaiwasha, ikamufanyia hivi."

"Na siku ya Mungu?"

"Sijue. Nilikuwa ku korali mpaka saa kumi. Nilipofika, alikuwa ameshaizima." Agathe alitazama mlango. Sauti yake ilishuka. "Élie, iko kintu moja sikumwambia Papa. Usikasirike."

"Sema."

"Siku ya posho, ile Jumamosi mbele ya siku ya Mungu, nilifungulia mashini internet ya telefone yangu."

Élie aligeuka taratibu. "Juu ya nini?"

"Ile foto ulinitumia. Kioo ya telefone yangu imepasuka, inakukata ku pua. Nilitaka nikuone muzima. Nilikaa nayo saa nzima, nikasahau kufunga."

Alitarajia karipio. Élie alicheka bila sauti, mabega yakimtikisika, kisha akafunika uso kwa mkono kama mtu aliyepewa zawadi ambayo hakuistahili. "Saa nzima? Hii sura ya mukimbizi?"

"Usicheke. Ni miye nimeiharibu?"

"Nimejua kile ilifanya. Ni mise à jour, sasisho. Hii mashini haikuona internet miaka mbili. Ilipopata yako, ikavuta mambo yote mapya, ikaweka pembeni, ikangoja iwashwe tena ili ibadilishe mwili wake. Sasa mwili ni mupya, programu ya Mama ni ya zamani. Hazisikilizane. Njo maana inakufa kila mara."

"Kwa hiyo imekwisha?"

"Hapana. Mise à jour haiuwake mashini, Agathe. Inaleta vurugu tu. Ngoja tuiamushe kidogo kidogo."

Aliizima, akaiwasha tena akibonyeza vitufe fulani, na kioo kikarudi kikiwa na herufi kubwa mbaya na rangi chache. "Hii ni mode sans échec," alimweleza. "Inaamuka na vitu vya lazima tu, bila kubeba muzigo." Katika hali hiyo alitafuta sasisho jipya kabisa, akaliondoa, akaondoa na la pili. Ilichukua muda. Walisubiri wakitazama kiduara kinachozunguka, na mkono wa Agathe ulikuja wenyewe ukakaa begani kwa Élie, na hakuuondoa.

"Jumamosi utavaa nini?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Shati ya mujomba. Ni kubwa, lakini ni nyeupe."

"Nitaishona ku mabega. Ulete mapema, mbele ya Jumamosi."

"Utashona bwana yako shati mbele ya posa? Tantine Adelaïde atatuuwa wote wawili."

Agathe alicheka, na baadaye angekumbuka kwamba hicho kilikuwa kicheko cha mwisho cha siku hiyo.

Mashine iliwaka kawaida. Élie alifungua programu ya kurekodi. Haikujifunga. Sekunde moja, mbili, kumi, dakika nzima, na haikujifunga. Agathe aliziba mdomo wake kwa kiganja ili asipige kelele ya furaha. Kisha akaona uso wa Élie.

Mstari wa bluu ulikuwa umelala. Vilima na mabonde vilikuwa vimekwisha, na chini yake kulikuwa na maandishi ya Kifaransa.

"Inasema nini?"

"Inasema vipande haipatikane." Élie alijifuta midomo. "Hii programu haichungake sauti kama kamba moja. Inaikata vipande vya sekunde sita, inaweka kila kipande mu nafasi yake. Ule muchoro Papa alikuwa anaona ni picha tu, programu iliichunga. Vipande venyewe havipo."

"Mise à jour njo imevila?"

"Hapana. Njo kintu sielewe. Iko ugonjwa mbili hapa, Agathe. Ya kwanza tumeitibu. Hii ingine ni ya moto kukatika."

Alifungua sehemu ambayo Agathe hakuwahi kuiona, orodha ndefu ambamo mashine huandika yenyewe kila linaloipata, na saa yake. Alishuka nayo kwa kidole mpaka siku ya Mungu. Saa nane na dakika kumi na saba: kuweka sasisho kumeanza, tafadhali usizime. Saa nane na dakika thelathini na moja: moto umekatika bila mashine kuzimwa.

"Ilikuwa katikati ya kujibadilisha," Élie alisema polepole. "Ilikuwa inahamisha vitu vyake. Mutu akaikata moto. Saa nane na nusu. Nani alikuwa hapa saa nane na nusu?"

Agathe alikumbuka. Saa nane na nusu ya siku ya Mungu ngurumo ilipiga juu ya kanisa mpaka waimbaji wakanyamaza, na mpiga kinanda akakimbilia nyaya zake akazichomoa. Kila mtu wa milima hii hufanya hivyo. Ngurumo ya kwanza tu, kila nyumba huondoa moto, redio, simu, paneli, bila kufikiri, kama unavyomvuta mtoto aliye karibu na jiko. Radi haina utani huku. Ilimuua kaka mkubwa wa Papa Honoré akiwa ameshika redio yake, na tangu siku hiyo mzee hajawahi kusubiri ngurumo ya pili.

"Ni Papa," Agathe alisema.

"Nyamaza."

"Ni yeye, Élie. Alitoa mapensi. Alikuwa peke yake."

"Nimeona. Nyamaza." Élie alifunga ile orodha. "Usimwambie."

"Watasema ni weye!"

"Waseme."

"Na posa? Na Jumamosi?" Machozi yalikuwa yamemjaa Agathe, na hasira pia, na hakujua lipi litatoka kwanza. "Umesikia vile alisema. Hauna kiti. Unataka kunitupa juu ya heshima ya muzee?"

Élie alimshika kiganja, akakificha katikati ya mikono yake miwili. "Nilikuwa hapa siku ya mazishi. Nilimuona vile alikuwa. Mama yako alimwachia kintu moja tu ya kuchunga, moja tu. Unataka ajue ameiuwa na mukono yake? Ukimwambia, atakuwa anaoga na ile mukono, anakula nayo, mpaka siku atakufa. Miye nitabeba. Niko kijana."

Saa hiyo Agathe alimpenda kuliko siku zote, na alimchukia pia, kwa sababu alijua hatambadilisha mawazo.

Mzee aliingia kabla hajamjibu. Shangazi alimfuata na beseni lake la maharage, maana hangekubali kusimuliwa.

"Sasa?"

Élie alisimama. "Papa, nilipoiweka programu ya Mama, nilipaswa kufunga njia ya mise à jour. Sikufunga. Zimeingia, zimeharibu. Ni makosa yangu."

Agathe alitazama sakafu. Kama angeinua uso, angesema.

"Nilisema!" Shangazi alikaa chini kwa nguvu mpaka maharage yakaruka. "Nilisema tangu mwanzo. Mutu hajue kuchunga hata nyumba yake, munamupatia kuchunga maneno ya marehemu! Déo wa Kingi, ule nilimutakia Agathe, iko na nyumba ya matofali, iko na ng'ombe, hajawahi kuharibia mutu kintu. Honoré, unasikia?"

"Ninasikia, Adelaïde." Mzee hakupaza sauti. Uso wake ulikuwa umezeeka hapo hapo wamesimama. "Itengeneze. Ya makosa tutaongea kisha."

Élie alieleza kilichobaki. Mashine ingeweza kukagua diski yake yote, kona kwa kona, na kuokota vipande vilivyotawanyika. Kwa kawaida mtu hutoa nakala kwanza, lakini diski kubwa ya Élie ilibaki katika nyumba waliyoikimbia yeye na mama yake. Kwa hiyo ingefanyika hivyo hivyo, mara moja. "Saa mbili ao tatu. Moto isikatike hata kidogo. Ikikatika katikati, hata kile kimebaki kitaenda."

Namba zilianza kupanda kwenye kioo. Asilimia tatu. Asilimia saba.

Agathe alileta ugali wa mihogo na sombe ya majani yake, na Élie alikula kidogo kwa adabu. Mzee hakula. Walikaa wanne katika chumba kimoja, wakitazama namba, kama watu wanaomwangalia mgonjwa. Ilipofika asilimia arobaini Papa Honoré aliongea, na hakuongea na mtu maalumu.

"Elisabeti alikuwa anacheka sana huyu kijana akiondoka. Anasema, yule kijana anagusa vitu pole pole. Anasema, mwanaume mwenye anagusa redio vile, hatapiga mutoto yangu."

Élie aliinamisha kichwa.

"Pengine alisema hiyo mule ndani," mzee aliendelea. "Miye nilikuwa nafikiri, nitakufa bila kusikia? Hapana. Nitangoja. Nimengoja mwaka muzima, Élie. Kama ni weye umeniharibia, Mungu akusamehe, juu miye sijue kama nitaweza."

Asilimia hamsini na tano. Upande wa Walikale, juu ya msitu, mbingu ilikuwa imeanza kuwa nyeusi, na upepo ulipeperusha majani uwanjani. Asilimia sitini na nane.

Ngurumo ilipiga.

Papa Honoré aliinuka. Hakuonekana kama mtu aliyeamua jambo. Alipiga goti, akainama chini ya meza, mkono wake wa kulia ukaenda moja kwa moja kwenye kibanio chekundu bila macho kuutafuta.

"Papa, acha!" Élie na Agathe walipiga kelele pamoja.

Mkono ulisimama. Vidole vilikuwa vimeshabana. Mzee alibaki hivyo hivyo, goti moja chini, akiutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeingia nyumbani bila hodi.

Nje matone makubwa ya kwanza yalianguka kwenye mabati.

"Siku ya Mungu," mzee alisema. "Siku ya Mungu mvua ilinyesha."

"Papa…"

"Ilikuwa imeandika kintu mu kioo. Niliona. Maandishi nyeupe, na namba. Nilifikiri ni salamu." Aliondoa vidole kimoja kimoja. "Ngurumo ikapiga, nikatoa mapensi. Ni miye. Adelaïde, ni miye."

Shangazi aliacha kuchambua maharage.

Mashine haikujali. Iliendelea kuhesabu mpaka mwisho, na mvua ilikuwa imekwisha kufunga mlima wote ilipofika mia. Élie alifungua mahali vipande vilipowekwa. Alikuta mia moja arobaini na tatu. Alivipitia kimoja kimoja, na Agathe, aliyekaa karibu naye sasa bila kujificha, alivihesabu pia. Mia moja arobaini vilikuwa vitupu.

"Tatu," Élie alisema. "Tatu njo viko na sauti. Papa, nisamehe. Nitaviweka mu flash, mutavisikiliza Jumamosi, vile Mama alitaka."

"Fungua."

"Papa, uliapa."

"Nimeshavunja yote, Élie. Fungua."

Kipande cha kwanza kilikuwa kikohozi, na kiti kikisogezwa, na pumzi ndefu. Agathe alijua pumzi hiyo. Alilala kando ya mama yake miezi minne ya ugonjwa.

Cha pili kilianza katikati. "…chumvi usitiye mbele, maharage itakuwa nguvu, haitaiva. Tia ku mwisho, halafu umwite bwana yako aon…" Kikaisha. Shangazi Adelaïde alilitazama beseni lililo mapajani mwake, akaanza kulia kwa sauti, akatoka nalo mvuani kuelekea jikoni.

Cha tatu kilikuwa karibu sana, kama mtu aliyeweka mdomo kwenye mashine. "Na weye, Honoré, bwana yangu. Najua utasikia hii. Njo ninakuomba, usi…"

"Usi nini?" mzee aliuliza.

"Kimeisha, Papa. Ni sekunde sita tu."

"Rudilia."

Élie alirudia. "…Njo ninakuomba, usi…"

"Rudilia."

Alirudia mara nne. Mara ya nne mzee aliinua kiganja, basi. Alikaa kwenye kiti chake, mvua ikipiga.

"Wakati uliniambia ni makosa yako. Ulikuwa unajua?"

Élie alimtazama Agathe, kisha mzee. "Nilikuwa najua."

"Mashini ilikuambia."

"Iliandika saa."

"Ukaniachia nikutukane mu nyumba yangu. Ukakula maneno ya Adelaïde." Papa Honoré alitikisa kichwa. Hapakuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomtisha Agathe. "Elisabeti alikuona muzuri. Uko mutu muzuri, Élie. Kuliko vile nilifikiri."

"Aksanti, Papa."

"Njo maana hauwezi kuingia tena mu hii nyumba."

Agathe alidhani hakusikia vizuri. "Papa?"

"Kila siku atakuja kunisalimia, nitaona macho yake yananihurumia. Kila chakula. Kila Noeli. Ningekuwa na hasira naye, ningeweza kumuzoea. Huruma siwezi." Alimgeukia kijana. "Ambia wajomba yako wasikuje. Hatutakosana. Lakini wasikuje."

Élie hakubishana. Pengine angebishana mambo yangekuwa mengine, Agathe aliwaza baadaye, usiku mwingi baada ya hapo. Alikusanya vitu vyake, bisibisi, nyaya, tochi, akaweka flash yenye vipande vitatu juu ya kitambaa cha marehemu, pole pole, kama alivyogusa kila kitu.

"Na miye nilijua, Papa!" Agathe alisimama katikati ya chumba. "Tulijua pamoja. Nilisoma ile saa na macho yangu. Na internet ni miye niliifungua! Utanifukuza na miye? Sema! Utanifukuza na miye?"

Mzee alikuwa anatazama mstari wa bluu uliolala.

Agathe alimfuata Élie mpaka mlangoni. Mvua ilikuwa imeufanya uwanja kuwa mto. Kijana alisimama chini ya ukingo wa bati, viatu mkononi, na macho yake yalikuwa na kila kitu ambacho hakuwahi kumwambia.

"Sikuombi," alisema. "Mama yangu iko mu hema, haiko nyumba. Sina kintu ya kukuonesha. Lakini ukitaka, tunaenda sasa hivi."

"Ngoja nichukue kitenge," Agathe alisema. Hakufikiri hata kidogo. Hajawahi kuwa na hakika ya jambo lolote namna hiyo. "Dakika moja. Usisogee."

"Sisogee."

Alikimbia chumbani, akavuta kitenge chake cha kanisani na sweta ya mama yake, akavikunja kwapani. Alipopita sebuleni, ngurumo ilipiga tena, karibu zaidi, mpaka vikombe vikalia kabatini.

"Agathe."

Papa Honoré alikuwa palepale kitini. Mikono yake yote miwili alikuwa ameikalia, ameibana chini ya mapaja kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu.

"Radi, mutoto yangu. Toa mapensi. Miye siwezi tena."

Agathe alimtazama. Aliwaza kwamba kesho mvua itanyesha, na kesho kutwa, maana huku hunyesha karibu kila siku, na kila mara baba yake atahitaji mkono wa kutoa vibanio. Aliweka kitenge na sweta juu ya meza, akapiga goti mahali pale ambapo baba yake alikuwa amepiga goti. Alitoa cheusi kwanza, kisha chekundu, kama mama yake alivyomfundisha. Kioo kikazimika.

Nje Élie aliita jina lake. Akaita mara ya pili, kwa sauti zaidi, juu ya mvua. Agathe alikuwa bado chini ya meza, vibanio viwili mkononi, akingoja kuitwa mara ya tatu ili ajue atafanya nini. Élie hakuita tena.